Kiti Kimoja cha Gari

Mashahidi wawili waliingia chumbani nilimokaa na wanawake, wakaniuliza nataka mahari gani. Nilijibu: kiti.

"Kiti cha nini?" aliuliza mmoja. Alidhani sikulisikia swali.

"Kiti cha gari. Kile kinachozunguka, kilichoko dukani kwa Usama, Kisenyi. Kifungwe ndani ya gari la Jibril, karibu na jiko."

Shangazi Rukiah alijifunika uso kwa mtandio. Wanawake wakaanza kucheka, kwanza chini chini, halafu bila haya. Mmoja akasema, "Wenzako wanataja dhahabu, wewe unataja kiti. Kwani umesimama tangu uzaliwe?"

Sikuwa nimesimama. Nilikuwa nimekalia debe la rangi. Dukani kwetu tunashona viti vya watu mwaka mzima, na mimi mwenyewe nakalia debe tupu lililofungwa kipande cha sponji juu, kwa sababu kila kiti kinachoingia pale kina mwenyewe.

Sebuleni Maalim aliandika kwenye cheti cha ndoa: kiti kimoja cha gari. Nilimsikia akisoma kwa sauti mbele ya wanaume, na mtu akakohoa ili asicheke. Baba hakukohoa wala hakucheka. Wageni walipoondoka aliniita pembeni.

"Hamdun mzima," alisema, "fundi wa viti miaka thelathini, binti yake ameolewa kwa kiti. Watu si watasema nilishindwa kukushonea?"

"Subiri, Baba. Utaona."

Nilikuwa na uhakika huo.

Niliacha shule nilipomaliza darasa la saba, mwaka aliofariki mama, nikaingia dukani. Duka letu liko Kisenyi, katikati ya Kampala, kwenye mstari wa magereji, kati ya muuza oili na Msomali wa matairi. Baba anakata, mimi nashona: vifuniko vya viti, magodoro ya sponji, mapazia ya magari ya kulala yale wanayokodi wazungu. Watu hudhani fundi wa viti anajua vitambaa tu. Lakini gari likirudi kutoka safari mimi ndiye ninayelivua nguo, na gari lililovuliwa nguo halifichi kitu. Naona maji yalipoingilia. Naona godoro limeoza upande upi kwa kuwa chini yake hapapiti hewa. Naona kabati lililofunguka lenyewe kwenye barabara ya vumbi likamwaga mafuta ya kupikia juu ya mto wa mtu. Madereva wanasimama mlangoni wanalaumiana, na mimi nasikiliza, pini mdomoni.

Ndivyo nilivyojifunza. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyeniuliza, mpaka alipokuja Jibril.

Alikuja na Haisi ndefu iliyokuwa ya shule fulani, jina la shule limekwanguliwa nusu ubavuni. Alikuwa ameendesha magari ya safari ya watu wengine kwa miaka sita na sasa alitaka lake. Kwenye simu alikuwa na picha za vitu alivyotaka kuweka: msururu wa taa juu ya paa, televisheni, rimu zinazong'aa, na lile bomba la kuvutia hewa linalopanda ubavuni mpaka juu, la magari ya kuvuka mito.

"Unavuka mto gani?" nilimuuliza.

"Eh! Kumbe fundi anaongea."

"Nauliza tu."

"Hilo bomba ni heshima. Mteja akiliona anajua hili gari limetoka mbali."

"Mteja hatalala juu ya bomba."

Baba alinikata jicho. Jibril akacheka, akachuchumaa mbele ya cherehani yangu kama mtu anayetaka kuona vizuri. "Haya, Bi Pini. Wewe ungeweka nini?"

Nikamwambia. Kwanza betri ya pili, isiyogusana na ile ya kuwashia injini, kwa sababu wazungu wakilala wanachaji kila kitu mpaka miswaki, na asubuhi gari linabaki kuwa kibanda. Tangi la maji lifungwe chini, si juu ya paa. Nilishawahi kutoa mapazia kwenye gari lililopinduka kwenye kona za Kabale na tangi lake kichwani, kama mwali aliyetwishwa mtungi asiouweza. Dirisha dogo la paa lenye wavu wa mbu. Chini ya godoro mbao zilizoachana, si ubao mmoja mzima. Turubai la kukunjua ubavuni, maana mvua ya huku haimsubiri mtu amalize kula.

"Na taa zangu?"

"Taa za nini? Usiku porini hupaswi kuendesha. Utammulikia nani, tembo?"

"Umemaliza?"

"Na kiti cha mpishi."

"Mpishi yupi?"

"Kwani wageni wako watakula televisheni?"

Aliondoka akitikisa kichwa, akaenda kununua televisheni na rimu. Wiki ya tatu akalipeleka gari Masaka kulijaribu, yeye na marafiki zake, wakalala humo wakiangalia mpira. Asubuhi walisukumwa na watu wa bodaboda katikati ya soko, akina mama wa ndizi wakiwashangilia kama timu iliyoshuka daraja. Aliporudi alikuja moja kwa moja dukani, akasimama mlangoni, hata salamu alisahau.

"Hiyo betri ya pili," alisema. "Inakaa wapi?"

Tangu siku hiyo hakununua kitu bila kunitumia picha. Hii? Hapana. Na hii? Hapana, bawaba zake za bati, zitakatika Mubende. Na hii? Hiyo ndiyo. Televisheni ilitolewa. Tangi likaenda chini. Gari likawa gari. Posa nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo, akiwa amelala chali chini ya Haisi na mimi nimemshikia tochi: "Sasa nikiwa njiani nani atakuwa ananiambia hapana?"

Nilikubali. Alikuwa mtu wa kuchekesha, na alikuwa amenisikiliza. Sikuwa nimewahi kusikilizwa na mtu aliyenizidi hata darasa moja.

Kiti chenyewe nilikuwa nakiangalia miezi minne kabla ya harusi. Usama anauza vipande vya magari yaliyochinjwa Japani, na kiti kile kilitoka kwenye gari la kubebea wazee: unabonyeza mpini, kinageuka chote kuelekea mlangoni ili mzee ashuke bila kujikunja. Nilikikalia mara moja Usama alipokwenda kuswali. Nikakizungusha. Nikaona kabisa: ukikipachika nyuma ya dereva, kwa bolti nne sakafuni, uso unaelekea jiko, ukigeuka, unaelekea barabara, kioo chote kiko mbele yako.

Nilikuwa nimeshona mapazia ya magari yaliyofika mbuga za Kidepo, Bwindi na Murchison. Mimi mwenyewe sikuwa nimevuka Mpigi, hapo jirani tu.

Na kulikuwa na la pili. Dhahabu ya mahari ya Shangazi Rukiah iliuzwa na mumewe kabla mtoto wake wa kwanza hajaota meno, akaambiwa itarudi. Nilitaka mahari ambayo mtu hawezi kuichukua bila kwanza kutafuta spana. Niliona nimefikiri kuliko wote waliokuwa wakinicheka chumbani.

Nilikishonea kifuniko cha rangi ya kahawa iliyokolea, na chini ya makalio yake, asikoangalia mtu, nikapitisha mstari wa uzi wa kijani. Sifanyi hivyo kwa kazi za wateja.

Tulikwenda safari tatu.

Sitaziandika zote. Nitasema tu kwamba nilipika pilau kandokando ya mashamba ya chai ya Fort Portal huku mvua inapiga turubai nililolichagua, na hakuna aliyelowa. Makabati hayakufunguka. Asubuhi Jibril aligusa ufunguo tu na injini ikaitika, akanigeukia akasema, "Bi Pini!" na mimi nikazungusha kiti changu kutoka kwenye jiko nikaitazama barabara. Kuna mzee wa Kijerumani alitaka kukikalia, Jibril akamwambia samahani mzee, hicho ni mahari ya mke wangu. Akamweleza mpaka akaelewa. Yule mzee alivua kofia, halafu akakipiga picha. Nami nikiwa juu yake.

Tuliporudi kutoka safari ya tatu alikuja Adero.

Adero ni Mkenya, ana ofisi ya kukodisha magari ya safari kule Makindye tulikokuwa tunaishi. Mtu mchangamfu, anasalimia kila mtu kwa jina. Alilikagua gari kwa nusu saa, akafungua kila kabati, akabonyeza godoro, akasifu. "Aliyepanga hii gari ana akili," alisema. Jibril akasema asante. Kisha Adero akaketi kwenye kiti changu, akawa anajizungusha kwa ncha ya kiatu, kushoto, kulia, huku anaongea.

"Wateja wangu ni wawili wawili. Wamefunga ndoa juzi, ama wamechoka na watoto. Wanataka dereva wa kuwapeleka na kuwaacha. Jioni yeye anatafuta pa kulala, wao wanapika wenyewe wakishikana mikono. Mpishi wa nini? Wanataka friji. Wakinyimwa friji wananiandikia vibaya mtandaoni."

"Friji hatuna pa kuiweka," alisema Jibril.

Adero alijizungusha mara moja tena, akapiga sehemu ya kuegemeza mkono. "Si hapa."

"Hicho ni cha mke wangu."

"Basi si mke apumzike! Ama namna gani, dada? Kupuliza moto porini kama askari, na wewe ni bibi harusi."

Jibril aliniangalia. Nilimsubiri aseme yale aliyomwambia Mjerumani. Alisema, "Tutaongea nyumbani."

Nyumbani aliongea yeye. Ofisi ya Adero ingempa kazi msimu mzima. Safari moja tu bila mimi, waone, wazoee, kisha tutatafuta namna. "Ni bolti nne, Rumaisa. Leo zinatoka, kesho zinarudi."

Kisha akasema neno ambalo mpaka leo sijui alilisema kwa upole au kwa ujinga: "Twende unichagulie friji. Mimi nitaokota takataka."

Nikaenda. Tulipanda Old Kampala, kwenye duka la Mhindi mmoja, na kweli Jibril alikwenda moja kwa moja kwenye friji ya kusimama yenye mlango wa kioo na taa ya buluu ndani, kama ya kuuzia soda. Alikuwa tayari ameshika mpini wake.

Ningeweza kunyamaza. Friji ile ingekufa ndani ya mwezi mmoja: mlango ungefunguka kwenye kila shimo na chupa zingeviringika mpaka miguuni pa dereva. Adero angeandikiwa vibaya, na ile sehemu ingebaki wazi. Nilisimama pale nikayaona yote hayo, mpangilio wake, kama ninavyoona kitambaa kabla sijakikata.

"Si hiyo," nilisema. "Chukua hii inayofunguka kwa juu. Baridi ni nzito, inakaa chini. Ukifungua mlango wa mbele inakumwagikia yote miguuni."

Mwenye duka alipiga makofi. "Huyu mama anajua!"

"Ndiyo maana nilimuoa," alisema Jibril.

Nikaipima kwa mkono. Upana wake ulikuwa sawa na kiti changu, kasoro vidole viwili.

Kiti kikaja Makindye, chumbani. Kiti cha gari hakisimami chenyewe. Kimezoea kushikwa na sakafu. Ukikikalia na kuegemea, kinakupindua. Nilikiegemeza ukutani, nikawa nakikalia wima, kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Safari moja ikawa mwezi. Mwezi ukawa msimu. Jibril akirudi ananiletea picha: simba, machweo, wateja wameinua glasi, na nyuma yao friji yangu. Ilifanya kazi vizuri sana, alisema. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Nikarudi kwa baba, kwenye debe langu, kutwa nzima. Jioni napanda Makindye kulala.

Siku moja nikakuta ukuta mtupu.

"Kiti kiko wapi?"

"Kilikuwa kinaziba njia. Nimemwazima rafiki."

"Rafiki gani?"

"Rumaisa, kiti kina miguu kitakimbia? Kitarudi."

Nikasubiri. Huo ndio ugonjwa wangu. Watu wanauita uvumilivu. Nilisubiri wiki tano, mpaka baba aliponituma kwa Usama kuchukua reli za kiti cha lori, nikaingia dukani kwake na kukiona kimening'inia kwenye ndoano pamoja na vingine, kama nyama. Kahawa iliyokolea. Nilikigeuza. Uzi wa kijani ulikuwepo.

"Usama," nilisema, "hiki ulikipata wapi?"

"Dada, unanitania? Si mumeo alikileta. Tulibadilishana, akachukua zile taa za paa. Msururu mzima, nane! Si umeziona kwenye gari?"

Sikuwa nimeziona. Gari lilikuwa linalala kwa Adero.

"Alisema nini kuhusu mimi?"

"Alisema mke wangu hakitumii."

"Usama, hiki ni mahari yangu."

Mkono wake ulikuwa kwenye ndoano. Aliuondoa kana kwamba ndoano imemuunguza. Kila mtu Kisenyi alikuwa ameusikia mzaha wa binti wa Hamdun aliyeolewa kwa kiti, lakini Usama alikuwa ameusikia kama mzaha. Hakufikiri kwamba kiti cha mzaha ndicho kilichokuwa dukani kwake.

"Banange, jamani," alisema. "Mali ya mwanamke! Wallahi sikujua. Mimi sitaki moto kwa sababu ya taa nane. Chukua, dada. Chukua sasa hivi."

"Hapana. Kwanza twende kwa Maalim."

Maalim aliyetuozesha ana chumba kidogo nyuma ya madrasa yake. Alimwita Jibril, akamwita baba, Usama akaja bila kuitwa. Jibril aliingia akitabasamu, tabasamu la mtu anayeitwa kwa jambo dogo. Maalim hakumkaribisha mkeka.

"Hiki kiti ni mali ya nani?"

"Maalim, ni kiti tu. Kilikuwa kimekaa ukutani."

"Sijakuuliza kilikaa wapi. Ni cha nani?"

"Chake."

"Alikupa ruhusa?"

Jibril alinitazama mimi, akitaka nimsaidie. Nilitazama mkeka.

"Hakunipa," alisema.

"Basi umekula mahari ya mkeo kwa taa," alisema Maalim. "Kinarudi leo. Wewe na Usama mtamalizana kuhusu taa zenu, yeye hahusiki. Na utamwomba radhi hapa hapa."

Jibril akaniomba radhi, na aliiomba vizuri. Baba alipumua. Usama alinyanyua mikono kushukuru. Ilionekana mambo yamekwisha.

"Maalim," nilisema, "na sehemu yake ndani ya gari?"

"Sehemu gani, binti yangu?"

"Nilisema kifungwe ndani ya gari, karibu na jiko. Nilisema hivyo kwa mashahidi."

Maalim ni mtu wa haki. Alitoa miwani, akatafuta nakala ya cheti kwenye bahasha zake, akasoma mara mbili huku kidole kinafuata mstari. Nilijua kilichoandikwa. Nilikuwa nimekisikia kikisomwa siku ya harusi, na siku ile masikio yangu yote yalikuwa kwa wanaocheka.

"Imeandikwa kiti kimoja cha gari," alisema. "Haikuandikwa kifungwe wapi. Kiti ni chako, binti yangu, hata Jibril akifa ni chako. Lakini sakafu ni yake. Siwezi kukuozesha sakafu ya mtu."

Jibril alicheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mtu aliyeshushiwa mzigo. "Unaona?" aliniambia. "Umepata kiti chako."

Usama alikibeba begani mwenyewe, akavuka nacho barabara, bodaboda zikimpigia honi, akakiweka dukani kwetu. Sikupanda Makindye jioni ile. Baba hakuniuliza. Asubuhi nilimkuta amepata ubao mnene wa kitanda cha lori, ametoboa matundu manne, anakaza bolti moja moja huku anahema. Alipomaliza alikitikisa. Hakikupinduka. Debe langu alilitupa nje, na muuza oili akalichukua.

Tangu hapo nashonea juu ya mahari yangu. Kinazunguka vizuri: kutoka kwenye cherehani mpaka kwenye rafu ya vitambaa, kutoka kwenye rafu mpaka kwenye cherehani. Shangazi Rukiah akija hukikalia, hujizungusha mara mbili na kusema, "Kumbe laini! Dhahabu yangu haikuwa laini hivi." Namwambia ainuke nina kazi.

Jibril alikuja mwezi uliofuata, mchana wa Jumatatu. Nililisikia gari kabla sijaliona. Aliegesha mlangoni, akashuka, akaja kwetu bila kuzima injini. Ndani walikaa wageni wawili, mwanamume na mwanamke, wekundu kwa jua, wanapunga mkono. Juu ya paa taa nane. Kumbe walimalizana.

Hakuna mtu Kisenyi anayeacha injini iungurume bure, na mafuta yalivyo ghali. Nikajua: ikizimwa haitawaka tena.

"Asalaam aleikum, Mzee," alimsalimia baba. Kisha kwangu, taratibu, "Bi Pini. Utarudi lini nyumbani?"

"Kiti kikirudi garini."

"Bado kiti!"

"Bado."

Alijikuna shingo. Alikuwa amekonda kidogo. Mlango wa ubavuni wa gari ulikuwa wazi, na kutoka kwenye cherehani niliweza kuona friji, imefutwa vizuri, na pembeni yake matundu mawili kati ya yale manne ya bolti zangu. Kwenye tundu moja walikuwa wamepitisha waya mwekundu. Ulitoka kwenye friji, ukazama kwenye lile tundu, ukatokea chini ya kiti cha dereva na kuelekea mbele. Ulitakiwa kuelekea nyuma, iliko betri ya pili. Zile taa nane zilikuwa zimechukua sehemu ya friji kwenye betri ya pili, na fundi wa watu, badala ya kuuliza, akaihamishia friji kwenye betri ya kuwashia. Usiku kucha friji inakunywa, asubuhi gari halina kitu.

"Kuna kitu nataka kukuuliza," alisema Jibril. Alijifanya anatazama kitambaa mezani. "Hii betri inanisumbua. Nimeshabadilisha mbili. Kila asubuhi nasukumwa, juzi nimesukumwa na wateja wenyewe, fikiria, watu wa fungate. Adero anasema mara moja tena atatafuta gari jingine. Mafundi watatu wameangalia, hawaoni. Wewe ungeona."

"Ningeona."

"Basi toka kidogo uangalie. Dakika moja."

Mguu wangu ulikuwa umeshashuka kwenye pedali. Hilo ndilo linaloniuma nikilikumbuka. Mguu ulikuwa tayari kwenda.

"Nikikwambia," nilisema, "kiti kitarudi?"

Alitazama gari, akatazama saa, akawatazama wale wageni. Kisha akanitazama kama mtu anayemwonea huruma mtoto anayelilia mwezi. "Rumaisa. Wapi? Nionyeshe wewe mwenyewe, wapi? Pale pana friji. Na ni wewe uliyeichagua."

Ilikuwa kweli. Nilibonyeza mpini, kiti kikageuka, nikawa nimeelekea cherehani. Nikashona. Nyuma yangu aliita jina langu mara moja, halafu mteja akapiga honi, honi ya upole ya mtu asiyejua kuipiga. Akaenda. Injini hakuwa ameizima muda wote ule, asingeweza, na niliisikia mpaka ilipopinda kwa Msomali wa matairi, ikishuka kuelekea barabara ya kaskazini, ya Kidepo. Huko sijafika.

Baba alikuwa ameinamia meza, chaki mkononi.

"Umeuona ule waya?" aliuliza.

"Nimeuona."

"Hata mimi," alisema baba. "Nipe mkasi."